Mama Yako Hakufundwa

Mwanangu Mwantumu,

Salamu sikupi, maana mchana tumekula pamoja na ugomvi wa nani aoshe masufuria haujapoa bado. Umekwenda Tangini kusukwa, na jinsi ninavyomjua yule msusi wako kwa maneno, hutarudi kabla ya magharibi. Baba yako yuko sebuleni anapigana na zipu ya begi lako. Nimemwambia nipo chumbani nasahihisha daftari za wanafunzi. Amenitazama, akatazama meza, akaona hakuna daftari hata moja, akarudi kwenye zipu yake. Mungu amzidishie umri mtu huyu.

Kesho alfajiri basi la Mwanza litakupitia pale Maili Moja, nami najijua. Nitasimama kando ya barabara nikikuuliza kama umechukua sweta. Nitakuuliza tena. Basi likija nitagombana na kondakta juu ya begi lako, na lote nililotaka kukuambia litabaki kooni mpaka uvuke Chalinze. Ndiyo maana nakuandikia. Habari za pesa, za hosteli, za kutoazimisha watu chaja, baba yako ameshakueleza na atakueleza tena kesho, wewe msikilize tu. Mimi nina jambo moja. Linatuhusu bibi yako, mimi na wewe, na kuna kitu nakuomba mwishoni.

Unajua kwetu Kisarawe mtu akitaka kumchoma mwanamke mzima, hahitaji tusi la nguoni. Anasema tu, "Yule hakufundwa." Yaani hakuwekwa ndani akakaa na kungwi, hakuchezewa ngoma, hajui ya wenzake. Wengi wanaosemwa hivyo wanasingiziwa. Mimi sisingiziwi. Nina cheti cha ualimu, nina miaka zaidi ya ishirini mbele ya ubao, shule nzima hapa Sofu ikitaka risala ya mahafali inanijia mimi, na mama yako hakufundwa.

Nianze na Bibi. Yeye alipovunja ungo aliwekwa ndani akakaa zaidi ya mwaka. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa inatazamana na shule, na chumba cha mwali kilikuwa na kidirisha upande huohuo. Watoto wa rika lake, wavulana na wasichana wachache wa watu wa misheni, walikuwa wakiimba masomo yao asubuhi, naye anasikia akiwa amejilaza kwenye mkeka. Alitoka ndani anajua jedwali la tano lote kwa sikio na hajui tano inavyoandikwa. Mpaka leo akikoroga uji huwa analiimba. Wewe ulipokuwa mdogo ulidhani ni wimbo wa kubembelezea.

Lakini usidhani alitoka mtupu. Alitoka akiwa mtu. Alijua kuzungumza na wakubwa na kunyamaza mbele yao, alijua nyimbo, na baada ya miaka michache akawa anatunga zake mwenyewe. Maneromango yote, hata vijiji vya mbele kule ambako masika gari halifiki, mwali akitoka walimwita Bibi. Nimekua nikiona wanawake wakija nyumbani na kuku wakimwomba aende kuwatungia. Yeye anakataa kwanza, anasema mgongo unauma, kisha anakwenda kabla hata ya kuku kufungwa kamba. Hayo niliyaona. Alichokitunga sikukisikia, maana nilikuwa mtoto, na watoto tulifukuzwa.

Nikaingia darasa la saba, na muda mfupi kabla ya mtihani nami nikavunja ungo. Kungwi wangu alikuwa shangazi yangu Mwamvita, dada wa babu yako, mwanamke mrefu asiyecheka bure. Akaniweka ndani siku ileile. Akaanza kunifundisha kidogokidogo, mambo ya mwanzo tu, kama mtu anayekuonjesha chumvi. Mwalimu wetu, Mwalimu Naomi, mtu wa Moshi aliyekuwa amepanga kule misheni, alikuja kuniulizia. Babu yako akamwambia naumwa. Akaja tena, akaambiwa bado naumwa. Mara ya mwisho akasimama uani akasema kwa sauti, ili nisikie huko ndani, "Zuhura, mtihani ni Jumatano." Nikalia mpaka mkeka ukalowa. Shangazi akaniambia kama nina machozi mengi hivyo niyatunze, nitayahitaji nikiolewa.

Jumatano alfajiri mama yangu akaingia. Mzazi haingii kwa mwali wake ovyoovyo, nikashtuka. Shangazi alikuwa ameamka kwenda kuoga. Mama akanitupia sare ya shule, akafungua mlango wa nyuma, akasema, "Pita kwenye mihogo. Usimtazame mtu."

Nikaenda hivyohivyo, kichwa kimepakwa mafuta, nimepauka kwa kukosa jua, nikaketi kwenye dawati watu wananikodolea macho. Mwali hapaswi kuonwa na mtu kabla ya siku yake, na mimi nimeonwa na shule nzima pamoja na msimamizi wa mtihani. Niliporudi jioni nilikuta shangazi ameshafungasha. Alimwambia mama, wala hakupandisha sauti, "Mwali wako ameshajitoa mwenyewe. Sina wa kumfunda." Akaenda zake. Na kungwi akimwacha mwali, mwanangu, hakuna mwingine atakayemwokota. Mzazi mwenyewe haruhusiwi, mdomo wake umefungwa kwa mtoto wake. Wewe unayajua haya kuliko mimi, nakuandikia tu ili ujue na mimi najua kiasi gani.

Nilifaulu. Nilikuwa msichana pekee pale shuleni aliyechaguliwa kwenda sekondari, na niliondoka Maneromango nimekaa juu ya magunia ya mihogo, kidevu juu, nikiona nimewashinda wote. Mama alisimama barabarani hakunipungia mkono. Nikasema moyoni, ana roho ngumu huyu. Sikujua kuwa alikuwa amenipa kitu kimoja kwa kuuza kingine, na kwamba hicho kingine kilikuwa ndicho alichokipenda kuliko vyote.

Sasa nikueleze kosa langu kubwa, maana hilo ndilo nisilotaka ulirithi.

Nilikuwa chuo cha ualimu, nimerudi likizo, na kichwa kimejaa saikolojia ya mtoto na mbinu za kufundishia. Nikamkuta mama amejifunza kuandika. Alikuwa akienda jioni kwenye kisomo cha wanawake pale misheni, hakuniambia, alitaka kunishtukiza. Siku hiyo wanawake wa jirani walikuwa barazani wanabangua korosho. Mama akaingia ndani, akatoka na karatasi ameikunja, akanipa mbele yao. Alikuwa ameandika mistari kadhaa kwa penseli, herufi kubwakubwa zimelala huku na huku. Alikuwa anatabasamu, Mwantumu. Bibi yako hatabasamu kirahisi, unamjua.

Nikatoa kalamu nyekundu.

Sikuwaza lolote baya. Ndivyo nilivyofundishwa, karatasi ikikujia unasahihisha. Nikazungushia duara hapa, nikakata pale, nikaandika alama kwa juu kama ninavyowaandikia watoto, na alama zenyewe zilikuwa chache. Kisha nikacheka kidogo, nikawaambia wale wanawake, "Mama naye ameanza shule, ila bado yuko chekechea." Wakacheka nao. Mama akaichukua karatasi akautazama ule wekundu. Akaenda jikoni. Chai ya jioni ile aliiwashia moto kwa karatasi hiyo, na kwenye kisomo hakukanyaga tena.

Na unajua kinachoniuma zaidi ni nini? Sijui aliandika nini. Nakumbuka makosa yote, naweza kukutajia hata leo, lakini maneno yenyewe siyakumbuki kwa sababu sikuyasoma. Mtunzi wa Maneromango nzima alinipa mimi utungo wake wa kwanza wa maandishi, nami nikahesabu makosa. Nimeshawahi kumuuliza, miaka baadaye, aliandika nini siku ile. Akasema, "Karatasi ipi?" Nikajua hanisamehi, au amenisamehe na hataki nijue.

Kwa hiyo mwanangu, huko uendako utajifunza mengi, na utarudi likizo ukiwa mjuaji. Hilo halina dawa, sote tulirudi hivyo. Ila mtu akikupa kitu alichokitoa moyoni, kisome kwanza. Kalamu iache mfukoni, haitaoza.

Nikaja kuolewa na baba yako, mtu wa Singida, ambako hawajui mwali wala ngoma ya mkole. Siku ya harusi wanawake wa kwetu wakamuuliza mama, kwa ile sauti ya kuuliza jambo unalolijua, "Kungwi wa bi harusi yuko wapi, aje amsimamie?" Mama akawajibu, "Kungwi wake shule. Kamwiteni." Nilidhani anajivuna kwa ajili yangu, nikafurahi. Kumbe alikuwa amesimama mlangoni ananikinga, na waliomsikia walijua hivyo, mimi peke yangu ndiye sikujua. Ndivyo nilivyoishi miaka mingi, mwanangu. Nasoma kila kitu kilichoandikwa na sisomi mtu.

Ukazaliwa wewe. Ulipomaliza kidato cha nne, unasubiri matokeo, Bibi akanipigia kwa simu ya jirani, hana salamu hana nini, "Mtoto nitamchukua wiki mbili." Nilikuwa na maneno yangu ya kisomi tayari, kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Baba yako akaniuliza, "Shule imefungwa, sasa unaogopa nini?" Sikuthubutu kumwambia kwamba nilichoogopa ni kukuonea wivu.

Siku ya kutolewa kwako nilikuja Maneromango nimevaa kanga mpya, nimebeba mchele na mafuta ya kula, mama wa mwali. Ngoma zimeanza, wanawake wanaingia kwenye chumba kile mmojammoja, nami nikafuata. Mlangoni nikakutana na mama yangu. Akanishika bega, si kwa ukali, akasema, "Wewe Zuhura utabaki nje na wapishi."

Nikabaki nje na wapishi. Nao walikuwa wasichana wadogo ambao hawajafikia, wananiita mwalimu, wananiuliza pilau iongezwe maji au basi. Mwanangu mwenyewe yuko ndani, kwa mama yangu mwenyewe, na mimi niliye katikati yenu nakoroga sufuria kwa mwiko. Nilisogea ukutani kidogo, nikajifanya natafuta kuni. Nikasikia sauti ya mama ikianzisha wimbo, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nyepesi, ya kijana. Kisha mmoja ndani akakohoa, wimbo ukabadilika, wakaimba ule wa kawaida unaoimbwa hata kwenye mikutano ya vijana wa chama. Walikuwa wameniona kwa upenyo wa ukuta.

Ulipotoka, umebebwa mabegani, umepakwa mafuta unang'aa, watu wakadhani nalia kwa furaha. Nilikuwa na furaha pia. Lakini nililia kwa sababu ulinitazama mara moja tu kisha ukamtafuta Bibi kwa macho, na niliujua mtazamo ule, ni wa watu wawili wenye lao.

Tangu hapo kila likizo wewe ni Maneromango. Nikija kukuchukua nawasikia mnacheka kuanzia barabarani. Nikiingia tu, Bibi anaanza kuulizia bei ya mihogo Kibaha. Na wewe, mnafiki mdogo, unamjibu! Nimewahi kukuuliza kwenye gari mlikuwa mnacheka nini. Ukasema, "Mambo ya Bibi tu, mama." Ulijibu vizuri. Ulijibu kama mtu aliyefundwa. Nilitazama dirishani hadi tukafika, na wewe ukadhani nimekasirika.

Sikukasirika. Nilikuwa na hamu. Sijui nikuelezeje hamu hiyo. Ni mama yangu, Mwantumu. Nimenyonya kwake. Na kuna mwanamke ndani yake, mcheshi, mtunzi, mwenye ile sauti niliyoisikia ukutani, ambaye wanamjua wanawake wa kijiji kizima, unamjua wewe, simjui mimi. Nimekaribia miaka hamsini na bado namtamani mama yangu kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana.

Na sasa muda unatukimbia. Umemwona mwenyewe likizo hii, ametia chumvi kwenye chai, akalaumu duka. Alikuita kwa jina langu, nami akaniita Mwamvita, akataka kunisalimia shikamoo. Tulicheka. Usiku ule hatukucheka, wewe ulikwenda kulala mapema na mimi nilijua hulali. Daktari wa Kisarawe amesema ni uzee, mambo ya zamani yatakaa kuliko ya sasa, lakini nayo yatakwenda. Nilipokuwa nakusaidia kupanga nguo wiki iliyopita nikawaza, huyu akiondoka, Bibi atamwambia nani? Watu wa rika lake wamekwisha. Na siku akisahau, yote yatabaki kwako wewe peke yako, huko Mwanza, nawe huruhusiwi kunifungulia mdomo. Mtoto hamfundi mzazi wake. Umekatazwa kama yeye alivyokatazwa. Sitaki uvunje, usije ukadhani barua hii ni ya kukuvunjisha.

Kwa hiyo Jumamosi, nilipokuambia nakwenda kwenye kikao cha walimu, sikwenda kikao chochote. Nilikwenda Maneromango. Barabara ni ileile unayoijua, bodaboda ameniangusha kwenye tope la pale mtoni, nikafika nimechafuka kama mtoto. Bibi alikuwa uani anaanika mihogo, akili zake zote ziko sawa siku hiyo, nilijua kwa jinsi alivyonisema kuhusu sketi.

Nikamsaidia kuanika. Kisha nikamwambia, "Mama, nataka nichezwe."

Akadhani hakusikia. "Uchezwe nini?"

"Mwali. Niwekwe ndani hata siku tatu. Mtafute kungwi yeyote, nitampa anachotaka. Sitasema kitu. Nitakaa kwenye mkeka kama mtoto."

Akaniangalia kuanzia miguuni. Halafu akacheka, mwanangu, akacheka hadi akakaa chini kati ya mihogo. "Loo! Mwali ana mvi! Mwali ana miwani! Mumeo tutamwambia umekwenda wapi?"

"Mwambie nimekwenda kikaoni. Ndivyo anavyojua."

Akacheka tena, nami nikacheka, machozi yakanitoka humohumo kwenye kicheko na sikuyazuia. Akayaona. Akageuza kipande cha muhogo mkononi.

"Hapana," akasema. "Mlango ule nilikufungulia mimi mwenyewe. Nilijua ukitoka hurudi. Mwamvita aliniambia usiku wa kuamkia siku ile, mwanao akienda kwenye mtihani usinililie baadaye. Sikumlilia. Nimelia kwa siri yangu."

"Unajuta?"

"Wewe mbona unauliza kama mwandishi wa redio? Sijuti. Ungekaa ndani ungekuwa mtu wa maana hapa kijijini, ungenizidi hata mimi kwa ngoma, maana una masikio. Lakini nilikuwa nimeshawasikia watoto wale wakiimba tano mara mbili, tano mara tatu, mwaka mzima. Nikasema huyu wangu atakwenda akaione hiyo tano. Basi. Mtu hapati vyote."

Nikamwambia, "Mwantumu amepata vyote." Akasema, "Ndiyo. Kwa hiyo mambo yamekaa vizuri, wewe unalia nini?" Na nikashindwa kumwambia nalia kwa sababu njia ya kutoka kwake kwenda kwako imepita juu yangu bila kunigusa. Nikaendelea kupanga mihogo. Jogoo wa jirani akaja kudonoa, tukamfukuza wote kwa pamoja.

Kisha akasema, hanitazami, "Mwambie Mwantumu akifika huko aniandikie barua."

Nikasema atapiga simu, siku hizi barua hakuna.

"Simu ya jirani inasikiwa na kila mtu, mimi siitaki. Aniandikie kwenye karatasi. Aniandikie ndefu. Aandike zile nyimbo zangu zote, namna nilivyompa, mwanzo mpaka mwisho, na maana zake, ili nikizisahau anikumbushe. Aniandikie mimi. Jina langu juu."

"Lakini mama, wewe husomi."

Nilisema hivyo kabla ya kufikiri, na mara nikaona aibu, maana kati ya watu wote duniani mimi ndiye nisiyestahili kumwambia neno hilo. Hakulijali. Au alilijali, ila alikuwa na lake la kumaliza.

"Sisomi. Basi nitampelekea mwenyekiti wa kijiji anisomee mambo ya wanawake? Si nitakusubiri wewe uje? Msomaji hafundwi. Msomaji anamtolea sauti aliyeandika, basi. Na mimi nikitaka kumjibu mjukuu wangu, utaandika ninachosema, neno kwa neno, wala hutatoa kalamu yako ile."

Nilimshika mkono una unga wa mihogo nikaubusu, akaunyofoa, akasema nimeshamchafulia kazi. Bibi yako amekaa na mlango uliofungwa zaidi ya miaka thelathini. Sheria yake haijavunjika hata chembe, hajanifunda, wala wewe hutanifunda. Sijui ameliwaza kwa muda gani. Huenda lilimjia palepale.

Ndilo ombi langu hilo. Mimi nipigie simu, uniambie umekula na baridi ya ziwani ikoje. Barua usiniandikie mimi. Mwandikie Bibi, kila juma ukiweza, uzitume kwa anwani ya shule yangu, nami Jumamosi nitapanda bodaboda nimpelekee bila kuzifungua. Mwandikie namna mnavyozungumza nikiwa sipo. Kama kuna utani juu yangu, na najua upo, uache humohumo. Usinisalimie mle, usiseme "mwambie mama". Usirahisishe neno ukidhani sitalielewa. Nisipolielewa nitalisoma hivyohivyo, na yeye atacheka, na nitakuwa nimekaa hapo anapocheka.

Nasikia geti, nadhani ni wewe, na zipu ya baba yako naona imekubali. Namalizia.

Anza mapema, mwanangu. Usingoje mpaka uzoee chuo, usingoje upate meza nzuri. Jumamosi ile nilipoaga, jua limeanza kushuka, nikamwona ananitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa heshima. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia, "Wako, mama." Akafurahi sana, akanishika mikono yote miwili.

"Wangu mimi?" akasema. "Nani alikufunda?"

Andika upesi.

Mama yako,
Zuhura